Uzi maalumu wa mimea inayotambaa: kuhamisha chungu bila kuvunja marando, na malezi ya wiki zinazofuata

Fundi Vyungu

Wakuu, habari za muda huu.

Maswali kuhusu mimea ya ndani inayotambaa yamekuwa mengi, na karibu yote yana sura moja: "Nimeuhamishia chungu kikubwa, mbona unanyauka?" Nimeona tuyakusanye mahali pamoja. Nazungumzia ile mimea inayomwaga marando kutoka kwenye rafu au chungu cha kuning'iniza: pothosi, filodendroni ya jani la moyo, hoya, tradeskantia, ile ya lulu na jamaa zake. Mfano wangu mkuu utakuwa pothosi, kwa kuwa imeenea zaidi na inavumilia mikono ya anayejifunza.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mwenye kubisha abishe tangu sasa: mimea mingi haifi kwa kuhamishwa. Inakufa kwa maji yanayomiminwa baada ya kuhamishwa, ndani ya chungu kilichozidi ukubwa.

Kwanza, je, una sababu ya kuuhamisha? Chungu kuonekana kidogo machoni si sababu. Marando kuwa marefu nayo si sababu. Rando la mita tatu linaweza kulishwa vizuri na chungu kidogo, kwani urefu wa juu hauendi sambamba na wingi wa mizizi chini. Angalia chini. Mizizi ikitokeza kwenye matundu, au mmea uliokuwa ukikaa siku kadhaa bila kiu sasa unalegea kesho yake tu, nafasi imekwisha. Ukimwagilia na maji yakapita moja kwa moja mpaka kwenye sahani, hiyo pia ni dalili, ila tahadhari: udongo uliokauka kupita kiasi hufanya vilevile. Uloweke kwanza, uone kama tabia inabadilika, ndipo uanze kutafuta chungu.

Uhakika wenyewe unaupata kwa kuuchungulia. Weka kiganja juu ya udongo, mashina yapite katikati ya vidole, pindua chungu, gonga ukingo wake, utoe bonge lote la udongo na mizizi. Likitoka zima likiwa limesukwa na mizizi pande zote, endelea na kazi. Likibomoka udongo ukamwagika, rudisha ulipolitoa. Mizizi bado ina pa kwenda.

Kuna sababu ya pili ambayo watu huisahau: udongo kuchoka. Umeshikamana, unanuka uvundo, au juu una ukoko mweupe wa chumvi za mbolea na maji. Hapo unachobadilisha ni udongo, na chungu kinaweza kubaki kilekile.

Wakati mzuri ni pale mmea unapochipua majani mapya. Penye majira ya baridi kali, subiri baridi iishe na siku zianze kurefuka, maana mmea uliolala hauna nguvu ya kuziba majeraha ya mizizi.

Sasa ukubwa, na hapa naomba tusikilizane. Ongeza sentimita 2.5 mpaka 5 za upana, basi. Mtu ana chungu cha sentimita 15 anaona kwa nini ahangaike kila baada ya mwaka au miaka miwili, anachukua cha 30. Upana umeongezeka maradufu, lakini kama kina nacho kimeongezeka kwa uwiano huohuo, udongo umeongezeka mara 8. Mizizi ni ileile. Ule udongo wa pembeni ambao hauna mzizi hata mmoja unabaki na maji kwa muda mrefu, hewa inatoka, na vijidudu vinavyopenda majimaji, kina Pythium na Phytophthora, vinapata makazi. Mizizi inapofika huko inakuta uozo.

Nitaendelea na udongo.

Mgeni wa Bustani

Mkuu, mimi ndiye mmojawapo wa hao wa "kwa nini nihangaike". Yaani nimeshanunua kile kikubwa, ndiyo kipo hapa, kizuri kweli. Hakuna namna?

Fundi Vyungu

Ipo. Panda kwenye chungu cha plastiki cha saizi yake, chenye matundu, kisha ukitumbukize ndani ya hicho kizuri kama pambo. Siku ya kumwagilia unakitoa, unamwagilia kwenye sinki, unaacha maji yachuruzike, unakirudisha. Ukikimwagilia humohumo ndani, hakikisha unayamwaga yaliyotuama chini, maana huoni kinachoendelea mle.

Kokoto Ngumu

Au aweke kokoto nusu ya chungu ndipo aweke udongo juu. Kokoto zinapitisha maji, na nafasi inapungua. Wazee wetu wote walipanda hivyo.

Fundi Vyungu

Mzee wangu Kokoto, shikamoo. Nilijua utakuja.

Kwa heshima zote, kokoto chini hazifanyi kazi tunayodhani. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo wenye vitundu vidogo kwenda kwenye kokoto zenye mianya mikubwa. Udongo unayashikilia mpaka tabaka lake la chini kabisa lijae, ndipo ziada inapodondoka. Kwa hiyo lile tabaka la majimaji linalobaki chini ya kila chungu halijaondoka. Umelipandisha juu, karibu zaidi na mizizi.

Asiyeamini achukue sponji la kuoshea vyombo, alichovye likolee, alilaze kwenye kiganja mpaka liache kudondosha. Kisha bila kulikamua alisimamishe kwa upande wake mrefu. Litadondosha tena. Ni sponji lilelile na maji yaleyale, kilichobadilika ni kimo tu. Udongo mfupi uliokalia kokoto ni lile sponji lililolazwa: unabaki na maji mengi zaidi kwa ujazo wake.

Kokoto Ngumu

Marahaba. Nimelifanya la sponji sasa hivi. Limedondosha kweli.

Lakini bado chungu chenye kokoto hakipeperushwi na upepo kwenye kibaraza. Hilo hujanijibu.

Fundi Vyungu

Hilo ni kweli tupu, mzee wangu. Kwa uzito, weka mawe kwenye kile chungu cha pambo cha nje, si ndani ya udongo.

Bi Majani

Kaka Fundi, kabla hujaenda kwenye udongo, wale wa vyungu visivyo na tundu uwape ukweli wao. Kuna watu wanapanda pothosi kwenye bakuli la kauri lililofumba chini, halafu wanauliza kwa nini majani ya chini yanageuka njano.

Fundi Vyungu

Dada umenifupishia. Bila tundu sihamishi mmea. Kama chungu cha kauri kinakubali kutobolewa kwa keekee ya vigae, toboa taratibu huku ukilowesha maji. Kama hakikubali, kifanye pambo la nje kama nilivyosema juu.

Udongo. Mimea hii mingi kwa asili hukwea miti. Pothosi, kwa jina la kisayansi *Epipremnum aureum*, asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Polinesia ya Ufaransa, na huko hukwea mashina ya miti majani yakapanuka kupita kiganja cha mtu mzima kwa mbali. (Waliobaki kuiita pothosi wana sababu: ilipoelezwa mwaka 1880 iliitwa *Pothos aureus*, ikahamishwa jenasi zaidi ya mara moja mpaka mwaka 1964 ilipopewa jina la sasa. Jina la zamani likagoma kuondoka.) Mizizi yake imezoea kupata maji na kupata hewa kwa wakati mmoja. Udongo mzito wa shambani ukiuweka peke yake ndani ya chungu hugandamana na hewa ikaisha.

Mimi nachanganya sehemu mbili za udongo wa vyungu au mboji iliyoiva vizuri, sehemu moja ya nyuzi za makumbi ya nazi, na sehemu moja ya perlaiti. Perlaiti ni zile punje nyeupe nyepesi ambazo wengine hudhani ni mbolea au mayai ya wadudu. Ni kioo cha volkano kilichopashwa moto mkali kikavimba. Haina lishe yoyote. Kazi yake ni kuacha mianya. Ukikosa, tumia jiwe la povu lililopondwa au vipande vya magome ya mti. Mchanga mwembamba usiutumie, unaziba mianya badala ya kuifungua.

Ilowesheni perlaiti kabla ya kuchanganya, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Na makumbi yaoshwe kwanza, kwa kuwa mengine huja na chumvi.

Lulu Kijani

Naongeza kwa wenye mimea ya lulu, maana mchanganyiko huo kwao ni mzito. Lulu huhifadhi maji kwenye zile punje zake, ndiyo majani yake, na mizizi yake ni mifupi inayokaa juujuu. Chungu kiwe kipana na kifupi, na nusu nzima ya mchanganyiko iwe perlaiti au jiwe la povu. Juu ya yote, usiipande ikazama. Shingo ya mmea ikae karibu sawa na ukingo wa chungu ili hewa ipite. Ikizama sentimita chache, zile punje za juu hukaa kwenye unyevu na kivuli na huanza kuoza kutokea kisogoni, wewe huku chini unaona marando mazuri tu mpaka siku yanadondoka yote.

Fundi Vyungu

Asante sana. Hii ya shingo kuzama inawahusu hata wa pothosi, ingawa pothosi huvumilia zaidi. Shina likae kimo kilekile lilichokuwa nacho kwenye chungu cha zamani.

Mgeni wa Bustani

Twende kwenye kazi yenyewe mkuu. Yangu ina marando saba hivi, mengine yanafika sakafuni. Naipinduaje bila kuyavunja?

Fundi Vyungu

Hapo ndipo mimea hii inapotofautiana na mingine yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Siku moja kabla, mwagilia. Mizizi yenye maji inapinda, mikavu inakatika, na bonge lenye unyevu linatoka zima.

Siku ya kazi, fanyia sakafuni au juu ya meza pana uliyotandika karatasi. Usifanye ukiwa umeshikilia chungu hewani. Chambua marando moja moja, yafungue yalikosokotana, kisha yakusanye upande mmoja na uyafunge kwa utepe wa kitambaa, usikaze. Yakiwa marefu sana yakunje duara na uyaingize kwenye mfuko mwepesi wa plastiki, mdomo wa mfuko ukiwa umezunguka shingo ya mmea. Hapo una kifurushi kimoja cha kushika, hujali tena nyuzi saba zinazokwenda huku na kule.

Laza chungu ubavu. Usivute mashina. Plastiki laini unaibinya kuzunguka, chungu cha udongo unapitisha kisu chembamba ukutani. Mizizi iliyopenya matundu ikigoma, kata hiyo mizizi au kata chungu chenyewe kama ni cha plastiki. Usiburute mmea kwa ajili ya kuokoa ncha za mizizi.

Bonge likitoka, ligeuze. Mzizi mzima wa pothosi ni mgumu, mweupe au wa rangi ya maziwa mazito. Uliooza ni wa kahawia, ukiubinya ganda linavuliwa na kubaki uzi katikati, na harufu utaijua. Uliooza kata wote kwa mkasi uliofutwa spiriti. Mizima iliyojisokota duara, ilegeze kwa vidole chini na pembeni ili ielekee nje. Usiioshe ikabaki mitupu kama hakuna ugonjwa. Vile vinyweleo laini vya mizizi ndivyo vinavyonywa maji kwa sehemu kubwa, na kila ukisugua unavinyoa.

Chini ya chungu kipya weka kipande cha wavu au kitambaa juu ya tundu ili udongo usitoroke. Tia udongo kidogo, simamisha bonge, pima kimo, acha sentimita 2 juu kwa ajili ya maji, jaza pembeni. Gonga chungu chini mara kadhaa udongo ujikalie wenyewe. Usishindilie kwa vidole gumba kama unayepanda mti shambani. Mwagilia polepole mpaka yatoke chini, acha yachuruzike, mwaga ya kwenye sahani. Udongo ukididimia ongeza kidogo.

Marando unayafungua mwisho kabisa, chungu kikiwa tayari mahali pake.

Bi Majani

Hapo kwenye kulegeza mizizi tunatofautiana. Kwa pothosi sawa. Kwa hoya mimi siigusi. Naihamisha na bonge lake zima, naongeza udongo pembeni, nimemaliza. Hoya inapenda kubanwa, na ukiichokonoa inakaa miezi haioti jani.

Fundi Vyungu

Nakubali kwa hoya. Nayo isihamishwe mpaka iombe kwa nguvu. Kama ina maua, iacheni imalize. Na vile vijiti vinavyobaki maua yakidondoka msivikate mkidhani vimekufa, hoya huchanua tena kwenye kijiti kilekile mwaka hadi mwaka.

Kokoto Ngumu

Tradeskantia je? Yangu nikiigusa tu inakatika.

Bi Majani

Ya tradeskantia usihangaike kuihamisha nzima, mzee wangu. Kata ncha zake, zichomeke kwenye udongo mpya wenye unyevu, tupa shina la zamani. Inaota upesi kuliko utakavyoiuguza. Ni mmea wa kuanza upya kila ukichoka sura yake.

Paka Mweusi

Samahani naingilia. Nyumbani tuna paka na mtoto anayetambaa. Hii mimea ni salama?

Fundi Vyungu

Swali la maana. Pothosi na filodendroni zina sindano ndogondogo za kalsiamu oksaleti ndani ya majani na mashina. Mtoto au paka akitafuna, mdomo na ulimi vinawaka, anatoa udenda, anaweza kutapika. Kwa kawaida maumivu yenyewe humfanya aache haraka, lakini akivimba mdomo au akipata shida kumeza au kupumua, ni hospitali moja kwa moja, na paka kwa daktari wa mifugo. Ile ya lulu nayo ni sumu ikiliwa. Hoya na mmea buibui ndizo zenye amani kwa paka.

Wakati wa kuhamisha, utomvu huwawasha baadhi ya watu ngozi. Vaa glavu, usijifute macho, na fagia vipande vyote vilivyodondoka sakafuni kabla mtoto hajavifikia.

Paka Mweusi

Basi hoya. Asante mkuu.

Mgeni wa Bustani

Nimeleta mrejesho. Nilihamisha kama ulivyoeleza, chungu cha plastiki ndani ya kile kizuri, marando yote yamepona. Ila sasa ni siku ya nne, majani yamelegea na mawili ya chini yamekuwa njano. Nimeongeza maji jana na leo asubuhi. Nifanye nini?

Fundi Vyungu

Weka kopo la maji chini, ndugu yangu. Yaani sasa hivi.

Naeleza kwa wote. Mizizi imepoteza sehemu ya vinyweleo vyake. Majani yanaendelea kutoa unyevu hewani kama kawaida, lakini kinywaji kutoka chini kimepungua. Kwa hiyo yanalegea ingawa udongo umelowa. Ukiyaona yamelegea unahisi ni kiu, unaongeza maji, hewa iliyobaki kwenye udongo inafukuzwa, vinyweleo vipya vinakosa pumzi, majani yanalegea zaidi, unaongeza tena. Hivyo ndivyo mmea mzima unavyozikwa kwa huruma ya mwenyewe.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole mpaka sentimita 3 hivi, au kijiti kikavu mpaka katikati ya chungu. Kijiti kikitoka na udongo umeng'ang'ania, ondoka. Njia nyingine ni kunyanyua chungu siku ulipomwagilia na kuujua uzito wake. Lita moja ya maji ni kilo nzima, mkono hauwezi kukosea. Kikiwa chepesi, mwagilia mpaka maji yatoke chini, si kikombe kimoja juujuu. Ratiba ya "kila Jumamosi" isahau kwa sasa. Udongo mpya haukauki kwa mwendo wa ule wa zamani, na mmea wenyewe kwa muda huu unakunywa kidogo.

Majani mawili ya chini kuwa njano ni gharama ya kawaida, mmea unajipunguzia mzigo. Yang'oe yakikauka. Kinachonitia wasiwasi ni njano inayopanda kutoka chini kwenda juu jani baada ya jani, au shina kulainika karibu na udongo, au ncha inayochipua kuwa nyeusi. Ukiona hivyo toa mmea ukague mizizi, usisubiri.

Mgeni wa Bustani

Nimechomeka kijiti. Kimetoka na matope.

Fundi Vyungu

Utoe kwenye kile chungu cha pambo, uweke juu ya gazeti linyonye maji ya chini, sehemu yenye mwanga na hewa inayopita. Usiuweke kwenye jua kali ukidhani litakausha haraka, litaunguza majani ambayo tayari hayana maji ya kutosha.

Na mwanga kwa ujumla, kwa wiki moja mpaka mbili za mwanzo, uwe mwingi lakini usio wa jua la moja kwa moja. Usiuzungushe leo dirishani kesho bafuni. Uache utulie mahali pamoja. Jua kali la mchana pothosi haihitaji hata ikiwa nzima. Ila wenye aina za mabaka meupe au njano, mkizificha gizani majani mapya yatatoka kijani kitupu, kwa sababu sehemu nyeupe haina klorofili na mmea unaona hasara kuitengeneza mahali ambapo mwanga ni haba.

Lulu Kijani

Kuna mtu alinitumia ujumbe akiuliza kama anyunyizie majani maji ili kupunguza kulegea. Kunyunyizia kunaongeza unyevu kwa dakika chache tu, kisha umekauka. Kama hewa ya ndani ni kavu sana, sogeza mimea kadhaa ikae karibu karibu. Lulu usiinyunyizie kabisa.

Kokoto Ngumu

Mbolea lini? Mimi huwa natia palepale ili upate nguvu.

Fundi Vyungu

Mzee wangu, palepale hapana. Mzizi uliojeruhiwa ukikutana na chumvi za mbolea unaungua, na udongo mpya wenye mboji una chakula chake cha kuanzia. Subiri wiki nne mpaka sita, na hata hapo subiri kwanza uone jani jipya limefunguka. Kisha mbolea ya maji yenye uwiano sawa, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua. Mwagilia maji matupu kwanza ndipo utie mbolea. Msimu wa baridi acha.

Bi Majani

Kaka, na wale wenye upara? Mmea umehamishwa, umepona, lakini juu kwenye chungu ni udongo mtupu, majani yote yako huko mwisho wa kamba.

Fundi Vyungu

Huo ndio ugonjwa mkuu wa pothosi ya zamani, na kuhamisha hakuutibu. Unatibiwa kwa mkasi.

Chagua marando mawili au matatu yenye upara, yakate yabaki na sentimita 10 hivi kutoka kwenye udongo, ukikata juu kidogo ya kifundo. Kifundo ni pale jani lilipokuwa limeshikana na shina, na ndipo chipukizi litokapo. Rando ulilokata ligawe vipande, kila kimoja kiwe na kifundo na jani lake. Pothosi huwa tayari na kinundu cha mzizi wa hewa hapohapo, cha kahawia. Kipande kisicho na kifundo kitakaa majini kikiwa kijani wiki na wiki na hakitaota kitu.

Viweke kwenye chombo cha maji, kifundo kizame, jani libaki nje. Badilisha maji kila wiki. Mizizi ikifika sentimita 3 mpaka 5, panda vipande kwenye udongo uleule, kuzunguka lile eneo lenye upara. Msiiache majini mpaka iwe kichaka. Kadiri inavyozoea maji ndivyo inavyopata taabu kuhamia kwenye udongo. Kwa wiki ya kwanza hivyo vipande vipya viwekewe unyevu kidogo zaidi kuliko mmea mkubwa, ukivimwagilia karibu na shina lake kwa kijiko, si chungu kizima.

Asiye na subira ya maji anaweza kuchukua rando refu bila kulikata, akalizungusha juu ya udongo wa chunguni na kulibana kwa pini ya nywele pale kwenye vifundo. Litatoa mizizi likiwa bado linalishwa na mama yake. Ikishika, kata au acha, hiari yako. Kwa hoya na filodendroni inafanya kazi vilevile.

Kwa mmea uliohamishwa juzi, upara uusubirishe. Mkasi na chungu kipya kwa siku moja ni mzigo kwa mmea dhaifu. Ulio na afya nzuri unaweza kuufanyia vyote.

Mgeni wa Bustani

Mrejesho wa mwisho. Kijiti sasa kinatoka kikavu nusu. Majani yamesimama, hayajaongezeka ya njano. Leo asubuhi kuna tone la maji kwenye ncha ya majani mawili, na jana sikumwagilia. Ni ugonjwa?

Fundi Vyungu

Hapana, hiyo ni habari njema. Usiku mizizi ikinywa kuliko majani yanavyoweza kutoa hewani, ziada husukumwa nje kwenye ncha za majani. Maana yake mizizi yako imeanza kazi. Yafute tu, maana yakikaukia hapo huacha doa jeupe.

Ukitaka kuirudisha juu ulikokuwa umeining'iniza, pima kwanza ndoano. Chungu kimeongezeka, na siku ya kumwagilia kinaongezeka tena. Kumbuka pia hewa ya karibu na dari huwa na joto zaidi, kwa hiyo kitakauka mapema kuliko kilipokuwa mezani, na kidole hakifiki. Shusha uangalie wiki mbili za mwanzo mpaka ujue mwendo wake. Kama chungu chako kina sahani iliyobanwa chini moja kwa moja, ibandue ukimwagilia, au kiinamishe maji yatoke, maana zile sahani hutunza maji na kwa kuwa ziko juu ya macho hakuna anayeziona.

Mgeni wa Bustani

Sahani ilikuwa imejaa. Nimemwaga.